Chandarua cha Mchana

Baba yangu aliogopwa. Aliheshimiwa pia, lakini heshima ilikuja nyuma, hofu ikitangulia. Kwetu kila mtoto hufundishwa na bibi yake kwamba vya kuogopwa duniani ni vinne: tetemeko la ardhi, radi, moto na baba. Mimi nilipokuwa mdogo niliona walioutunga msemo huo walikosea mpangilio, maana kwetu baba alistahili kutajwa kwanza.

Jina lake Tokuzo. Alikuwa mfuga viwavi wa hariri kama wazee wake wote, na juu ya hayo alikuwa mkuu wa kikosi cha zimamoto cha kijiji, pale chini ya Mlima Akagi. Akikohoa mkutanoni, watu walizima sigara. Mbwa wa jirani walinyamaza akipita. Mimi ni mtoto wake wa pekee, na sikumbuki hata siku moja nilipomjibu kwa sauti iliyozidi yake.

Na mwanamume niliyempenda ndiye aliyejulikana kama mwoga kuliko wote bondeni.

Aliitwa Eisuke, mtoto wa pili wa fundi mikeka wa kijiji cha ng'ambo ya mto. Jina la uoga alilipata Januari, siku ya gwaride la zimamoto la mwaka mpya, vijana wa bonde zima wanapopanda ngazi ndefu za mianzi na kufanya michezo huko juu mbele ya kijiji kizima. Zamu yake ilipofika alipanda vizuri hadi katikati, akatazama chini, basi. Kwetu mtu akizidiwa na hofu tunasema kiuno kimemtoka, na cha Eisuke kilimtoka kweli. Hakuweza kupanda wala kushuka. Ilibidi mwenzake apande akamteremshe mgongoni, huku watoto wakipiga makofi na baba yangu akitazama.

Kwa mwoga huenda kicheko, na siku ile kicheko kilikwenda kwake kutwa. Nilimkuta nyuma ya ghala la vifaa, amekaa peke yake juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilimpelekea kikombe cha togwa tamu ya mchele, ya moto, kwa sababu nilimhurumia. Sikuwa na nia nyingine, ingawa mama yangu hadi leo hakubali.

Nikamuuliza, kwa uchokozi tu, hofu yake ilikuwaje kule juu. Nilidhani atakasirika. Yeye akafikiri kwanza, kwa makini, kama mtu aliyeulizwa kipimo cha chumba.

"Inategemea unauliza ipi," akasema. "Kuna ile ya zotto, baridi inapita mgongoni mara moja halafu basi. Hiyo siijali. Kuna ya bikubiku, unashtukashtuka siku nzima, hata paka akipiga chafya. Kuna ya ini kupoa, hiyo inakuja jambo likishapita, unapojua ulibakiza kidogo ufe. Ya leo ilikuwa ya kiuno."

"Na mbaya kuliko zote ni ipi?"

"Ile ambayo huwezi kumwambia mtu."

Wanaume wa kwetu huficha hofu zao kama watu wanavyoficha nguo za ndani zilizotoboka. Huyu alizianika mbele yangu moja baada ya nyingine, akazitaja kwa majina, kisha akanywa togwa yake na kunishukuru. Nilirudi nyumbani nikiwa nimekwisha. Nilimpenda, na sikuona haya kujiambia hivyo.

Kuanzia hapo tulikutana kwenye miforsadi, maana mimi ndiye niliyechuma majani ya kulisha viwavi, na yeye alikuwa na kawaida ya kupita na baiskeli hata pale ambapo hapakuwa na mkeka wa kupeleka. Hatukufanya jambo la aibu. Tuliongea. Alinishika mkono mara moja, mwezi wa sita, akauachia haraka kama mtu aliyeungua, na wiki nzima nilichuma majani kwa mkono wa kushoto ili ule wa kulia upumzike na furaha yake.

Mwezi wa saba Bibi Kiyo, mshenga wa kijiji chetu, akaja na picha. Ilikuwa ya mwanamume wa mji wa Maebashi, mwenye suti nyeusi na masikio mazuri, ambaye ukoo wake ulikuwa na kinu cha kusokota nyuzi za hariri. Baba aliitazama picha ile muda mrefu, akaiweka kwenye rafu ya mbele. Kwa baba hiyo ilikuwa sawa na kucheka. Jibu lilitakiwa kabla ya Obon, siku za mwezi wa nane tunapowapokea marehemu wetu.

Ndipo nikasema. Mama alikuwepo, namshukuru Mungu wake na wangu. Nilisema nina mtu, nikamtaja jina.

"Yule wa ngazi?" baba akauliza.

Hakupandisha sauti. Alieleza tu kwamba mimi ni mtoto pekee, kwamba atakayenioa atachukua jina letu na kuingia nyumba hii, na kwamba nyumba hii haiwezi kuachiwa mtu mwenye ini la ukubwa wa punje ya soya. Mama ndiye aliyemwomba, usiku baada ya usiku, amsikilize kijana angalau mara moja. Mwishowe akakubali. Aje, alisema, aseme lake, na akiambiwa hapana iwe hapana, nami nisilie.

Sasa niseme siri ya nyumba yetu, maana bila hiyo hamtaelewa. Baba yangu aliogopa radi.

Hakuiogopa kama mnavyoiogopa ninyi au mimi. Wingu likianza kujikusanya juu ya Akagi, alirudi kutoka shambani kabla ya yeyote kuliona, hata watu wakamsifu kwamba Tokuzo ana pua ya mvua, majani yake hayalowi kamwe. Mama alitundika chandarua katika chumba cha ndani, mchana kweupe, akawasha vijiti vya ubani, akafunga mbao za madirisha. Ni dawa ya zamani ya radi, kila nyumba huifanya kidogo kwa ajili ya watoto na wazee. Kwetu ilifanywa kwa ajili yake. Aliingia humo na mama, nami niliambiwa nipande juu nikawaangalie waheshimiwa, kwani viwavi wetu huitwa hivyo. Hapakuwa na katazo lolote. Jambo hilo hatukulisema tu, sisi watatu, na nje ya sisi watatu hakuna aliyejua. Hata Eisuke sikumwambia.

Siku aliyokuja, asubuhi ilikuwa safi kabisa. Alivaa suti ya kaka yake, mikono mirefu kidogo, na mikononi alishika boksi la mikate ya mvuke yenye maharage matamu. Alipovua viatu mlangoni nikaona soksi zake mpya. Nilitamani kumkumbatia kwa ajili ya soksi zile.

Walikaa sebuleni, kwenye mikeka, magoti yamekunjwa, uso kwa uso. Mimi nilikaa nyuma ya mlango wa karatasi na sinia la chai ya shayiri, na mlango ulikuwa wazi kiasi cha kuona. Baba alimwuliza habari za baba yake. Akauliza habari za mikeka. Akauliza kama kaka yake ana afya. Kisha akanyamaza, na ukimya wa baba ulikuwa mtihani ambao wanaume wazima waliufeli.

Eisuke akainamisha kichwa hadi mkekani.

"Mkuu," akasema, "nimekuja kuomba nimwoe Chizuru."

"Unajua watu wanakuitaje?"

"Najua."

"Na unaona wanakosea?"

"Hapana, Mkuu. Hawakosei."

Nilifumba macho. Nilikuwa nimemfundisha majibu matano mazuri na hilo halikuwemo. Baba alishusha pumzi kwa pua, akaanza kumwambia kwamba nyumba ina nguzo moja, na nguzo ikitetemeka, paa linamwangukia mke na watoto. Alikuwa na maneno mengi ya aina hiyo, niliyajua yote. Ila hakuyamaliza.

Mwanga wa chumba ulikuwa umebadilika. Kutoka upande wa Akagi ikaja ngurumo ya kwanza, ndefu, ya mbali, ya kujikokota.

Nilimwona baba akisimamisha maneno. Mama, aliyekuwa jikoni, akatoka mbio na kapu kwenda kuingiza majani, maana majani yaliyolowa huwaua waheshimiwa. Nikabaki mimi. Nilijua ilivyokuwa. Kama ningeingia kusema mazungumzo yaishe, baba angepona lakini Eisuke asingeitwa tena. Kama ningekaa kimya, baba angeumbuka mbele ya mtu wa mwisho duniani ambaye angependa amwone akiumbuka, na asingemsamehe hadi kaburini. Nilishika sinia, sikwenda mbele wala nyuma.

Ngurumo ya pili ilikuwa karibu. Baba alikuwa amekaa vilevile, mgongo umenyooka, mikono juu ya mapaja. Lakini jasho lilimtoka kwenye nywele likashuka shingoni, na vidole vyake vilikuwa vimekamata kitambaa cha suruali hadi vikawa vyeupe. Midomo yake ilisogea bila sauti. Nilijua inasema nini, ni lile neno ambalo kila mtu wa kwetu hulisema radi ikipiga, kuwabara, kuwabara, kuiambia kwamba hapa ni shamba la miforsadi, ipite, maana huko haipigi.

Eisuke aliinua macho. Akamtazama baba, si usoni, kwenye vidole. Kisha akainama tena, safari hii kwa haraka, paji la uso likagonga mkeka.

"Mkuu, naomba radhi," akasema. "Mimi radi siiwezi. Nikibaki hapa nitajiaibisha mbele ya Chizuru. Kama nyumba hii ina chandarua, naomba kitundikwe. Na kama si kukosa adabu, naomba mtu wa kukaa nami. Peke yangu siwezi."

Nikajua tumekwisha. Amekuja kuomba mke katika nyumba ya mkuu wa zimamoto, na sasa anaomba chandarua kama mtoto. Nilimwona yule wa Maebashi na masikio yake mazuri, nikaona maisha yangu yote yakipita mbele yangu ndani ya suti nyeusi.

Lakini mama alikuwa amerudi, kapu mgongoni, na alisikia. Mama ni mwepesi. Hakuuliza, hakumtazama baba. Alipita katikati yao akaingia chumba cha ndani, nikasikia pete za chandarua zikilia ukutani.

"Mwanamume mzima," baba akasema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Haya, inuka. Ini dogo namna hii haliwezi kuachwa peke yake."

Na akatangulia yeye kuingia.

Mvua ikaja na radi zake zote. Kwenye paa letu iliunguruma kiasi kwamba mimi na mama, tumekaa jikoni, hatukusikia hata neno moja kutoka chumba cha ndani. Kupitia mlango tuliona kile kitambaa cha kijani cha katani, moshi wa ubani, na ndani yake vivuli viwili vimekaa karibu. Kila mwanga ulipopiga, vivuli vilijikunja pamoja. Halafu vikakaa tena.

Mama alikuwa akipangusa majani ambayo hayakulowa.

"Tangu nimeolewa," akaniambia, "hajawahi kukaa humo na mtu asiyekuwa mimi."

Nilimwuliza kama hiyo ni dalili njema. Akasema hajui, akaniambia nikate tikiti maji. Nikakata. Hakuna aliyekula.

Radi ikasogea kuelekea uwanda, kidogo kidogo, ikawa ya watu wengine. Baba ndiye aliyetoka kwanza. Nywele zilimlala kichwani, na macho yalikuwa mekundu. Alipita mbele yangu bila kunitazama.

"Majani yalilowa?" akamwuliza mama.

"Yaliingia kabla ya mvua, Baba Chizuru."

"Vizuri."

Akapanda ngazi kwenda kwa waheshimiwa. Hakumuaga mgeni. Hakurudi. Tulisikia nyayo zake huko juu zikienda na kurudi kati ya trei za viwavi, kisha zikakaa kimya. Mama akanipa ishara nimsindikize Eisuke, na machoni mwake sikuona chochote cha kunitia moyo.

Tulitembea hadi njia panda. Alikuwa akiisukuma baiskeli, sikuweza kumtazama. Soksi mpya zilikuwa zimeingia matope. Miforsadi ilidondosha maji pande zote mbili za njia, na jua lilikuwa limerudi bila aibu yoyote.

"Kwa nini uliomba chandarua?" nikasema. "Eisuke, kwa nini leo? Ungevumilia kidogo tu."

"Mimi ningevumilia," akasema.

Nikasimama.

"Wewe huogopi radi?"

"Sijawahi. Utotoni mimi na kaka tulikuwa tunakaa kizingitini tunakula tikiti maji, tunaitazama ikipiga Akagi. Mama yetu alikuwa anatuburuta ndani kwa masikio." Akafuta kiti cha baiskeli kwa kiganja, bila sababu. "Lakini mwoga anamjua mwenzake, Chizuru. Niliona vidole vyake. Nimekuwa na vidole vile maisha yangu yote. Mimi jina langu limeshaharibika, halizidi kuharibika kwa chandarua. Yeye lake bado zima."

Nilianza kulia hapo, sikuweza kujizuia, na yeye akababaika akatafuta leso kwenye mifuko ya kaka yake.

Alinieleza yaliyotokea ndani. Baba alimshika mkono tangu mwanga wa kwanza, akaubana hadi mwisho, nusura amvunje vidole. Baadaye, katikati ya mvua, alizungumza. Alikuwa na mdogo wake, Yasuji. Jina hilo mimi nalijua, liko kwenye kibao katika madhabahu yetu ya marehemu, kila asubuhi namwekea wali. Hakuna aliyewahi kuniambia alikufaje. Walikuwa kwenye shamba la mpunga, watoto wote wawili, wakikimbilia miforsadi wameshikana mikono. Tulitoka wawili, baba alimwambia Eisuke, nikarudi mmoja. Hakusema zaidi, na Eisuke hakuuliza.

"Halafu akaniambia mimi ni mwongo," Eisuke akasema.

"Mwongo?"

"Alisema mkono wake unatiririka jasho na wangu mkavu. Akasema, 'Kijana, wewe radi huiogopi.' Nikakiri. Ningefanyaje?"

"Umeingia nyumbani kwa baba yangu siku ya kwanza ukamdanganya, na amegundua."

"Ndiyo."

"Akakufanya nini?"

"Akauliza, basi unaogopa nini? Nikamwambia ngazi. Nikamwambia mbwa wa Bibi Kiyo. Nikamwambia yeye mwenyewe. Akasema hao wa kawaida, kila mtu anawaogopa." Hapo Eisuke akatazama matope. "Nikamwambia basi kuna moja sijaipatia jina. Kwamba siku moja nitakutana nawe njia hii, una mtoto wa mtu mwingine mgongoni, na nitainama nikusalimu kama jirani, nipande baiskeli niende zangu. Nikamwambia hiyo nikiifikiria, zile nyingine zote naziona michezo."

Hakunitazama alipokuwa akisema. Mimi nilimtazama. Alikuwa amevaa suti isiyo yake, ana alama ya mkeka kwenye paji la uso, na sijapata kuona mwanamume mzuri kama yule, si kabla wala baada.

"Akasemaje?" nikauliza. "Baba alisemaje?"

"Ngurumo ikapita, ikapita nyingine. Kisha akauliza kutoka kwetu hadi hapa ni mwendo gani kwa baiskeli. Nikamwambia. Akasema ni mbali."

"Mbali?"

"Akasema mwaka huu radi zitaendelea hadi mwisho wa Septemba, na mawingu ya Akagi hayamsubiri mtu atafute baiskeli." Sasa akanitazama. "Akasema, 'Utakuwa unachelewa. Hamia.'"

Nikamwambia arudie. Akarudia.